Kabla ya kununua bunduki ya misumari, ulizia misumari yake

Chini ya kitanda changu hapa Ipuli, Tabora, kuna boksi jeusi la plastiki. Ndani mna bunduki kubwa ya misumari, ile ya kuungia fremu za mbao, na tangu niinunue haijapiga hata misumari mia tatu. Haijaharibika. Imekosa chakula tu.

Niliinunua Dar, Gerezani pale Kariakoo, mwaka niliokuwa napaua nyumba. Nilikuwa nimeshinda na video za Wamarekani wanaosimamisha nyumba ya mbao kwa siku mbili, kijana mmoja na ukuta mzima, ta-ta-ta-ta. Mimi kuta zimeshapita linta, Septemba inaisha, na mvua zetu huku zikishaingia Novemba hazikusubiri. Nikaona hii ndiyo dawa. Kwenye basi la kurudi kondakta akauliza boksi lina nini, nikajibu kwa sauti, "Bunduki ya misumari." Abiria wa siti tatu wakageuka. Siku hizi nasema ni mashine ya fundi.

Fundi wangu wa paa aliipokea kwa heshima, akaipima uzito, kisha akauliza swali moja.

"Bosi, hii mwisho wake inchi ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Mimi kenchi napiga inchi nne."

Ndipo nikasoma maandishi ubavuni: milimita 50 mpaka 90. Bunduki nyingi za fremu huishia hapo hapo. Tena si urefu peke yake. Msumari wetu wa kawaida wa inchi nne una unene wa milimita nne au zaidi kidogo, wakati ule wa bunduki uko kwenye tatu hivi. Wenzetu wanajenga kwa vipimo vyao na kufidia wembamba kwa idadi. Fundi wangu anajenga kwa vipimo vyake, na paa ni lake kulitolea jasho na lawama. Sikubishana.

Tukaitumia kwenye kazi ndogondogo za juu mpaka boksi la misumari nililopewa dukani likaisha. Nikazunguka maduka ya vifaa mjini, moja baada ya lingine, nikiwa na msumari mmoja mfukoni kama sampuli. Hakuna. Misumari ya kilo unayoijua haiingii kwenye bunduki. Misumari yake huja imeunganishwa kwa ukanda, wa karatasi, wa plastiki au wa waya, na ukanda wenyewe umelala kwa pembe maalumu. Yangu inataka karatasi, digrii 34. Jamaa mmoja akaniagizia kutoka Dar, ikaja ya plastiki, digrii 21. Ukiishika mkononi unaona ni misumari ileile, ila kwenye chemba haikai hata uilazimishe vipi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na ndio hasa ulionifanya niandike haya: usianze na bunduki. Nenda kwenye duka unalonunuliaga saruji na mabati, uliza wana misumari gani ya bunduki, wanayo kwa urefu gani, na huwa inapatikana mwaka mzima au ililetwa mara moja ikaachwa. Ukishapata jibu, nunua bunduki inayokula hiyo.

Kwa Tabora jibu nililopata mimi lilikuwa herufi F. Hii ni misumari myembamba ya geji 18 (kwenye geji, namba ikipanda msumari unazidi kuwa mwembamba). F30 ni ya milimita 30, F50 ya 50, na boksi la misumari 5,000 linamtosha mwenye nyumba mmoja mpaka ahamie. Mafundi wa siling na wa samani wanaitumia, ndiyo maana haikosi dukani. Chukua bunduki ya F50, siyo ya F30, kwa sababu kubwa inakula na mifupi, ndogo haiwezi mirefu. Tofauti ya bei haifiki ya kukukosesha usingizi.

Inafanya nini? Siling ya mbao za kupachikana, skating (ubao wa chini ya ukuta), mbao nyembamba za kuzungushia fremu za milango, migongo ya makabati, droo, na vile vijiti vya kushikia kioo ambavyo ukipiga kwa nyundo lazima kimoja kipasuke na kioo kikifuate. Mkono mmoja unashika ubao mahali pake, mwingine unapiga, na kichwa cha msumari kinazama chenyewe. Siling ya sebule yangu, niliyokuwa nimeitengea siku nne, tulimaliza mchana wa siku ya pili. Ila ujue mpaka wake. Msumari huu unashikilia ubao mpaka gundi ikauke, au unashikilia kitu kisichobeba uzito. Usiupeleke kwenye kenchi, wala kwenye papi (mbao za kupigilia bati), wala kwenye kitanda. Jipsamu nayo inataka skrubu.

Na bati? Wengi wananiuliza. Zile bunduki za paa unazoziona kwenye video zinapiga vigae laini vya lami juu ya mbao bapa, kazi ambayo huku hatuna. Sisi tunapiga bati juu ya papi kwa msumari wenye kofia, na kofia ile haipiti kwenye bunduki yoyote ya duka la kawaida. Nyundo, basi.

Ipo pia ya ST, inayopiga misumari migumu ya zege. Niliazima ya shemeji yangu. Kwenye nguzo ya zege ilifanya vizuri. Kwenye tofali letu la kuchoma ilichimba shimo na kumwaga unga mwekundu sakafuni. Nikarudi kwenye drili na fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani.

Sasa upepo. Bunduki za bei nafuu karibu zote ni za upepo, na hapo ndipo gharama ya kweli inapojificha, maana bila kompresa una chuma tu. Kwa F50 kompresa ndogo ya lita 24 inatosha kabisa, kila pigo linakula upepo kidogo. Nguvu yake kwa kawaida ni farasi mbili, yaani kama wati 1,500, lakini wakati wa kuwaka mota inavuta zaidi ya hapo mara kadhaa. Siku umeme ulipokatika tuliazima kijijenereta cha jirani, cha kuwashia taa na televisheni. Kilikohoa mara moja kikazima. Kingine: usivute waya mrefu mwembamba wa umeme kuipelekea kompresa nyuma ya nyumba. Umeme unafika umechoka, mota inanguruma bila kuzunguka, inachemka. Iache kompresa karibu na soketi, urefushe mpira wa upepo. Mpira wa mita 15 haukuumizi kitu.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza angalia oili kwenye kioo chake, nyingine zinatoka kiwandani kavu. Kila jioni fungua koki iliyo chini ya tangi umwage maji. Wakati wa mvua utashangaa yanavyotoka, na hayo ndiyo yanayoozesha tangi kwa ndani. Bunduki yenyewe matone mawili matatu ya oili ya mashine za upepo asubuhi, pale mpira unapochomekwa. Presha anzia psi 60, jaribu kwenye kipande cha ubao wa kutupa, panda taratibu mpaka kichwa kizame kidogo. Usivuke ile iliyoandikwa kwenye bunduki.

Za betri ni tamu, hilo sikatai. Huna mpira wa kujikwaa, huna kelele, umeme ukikatika unaendelea. Lakini kwa bei niliyotajiwa ya bunduki moja ya betri ningepata ya upepo na kompresa yake na nauli ya kurudi. Kama tayari una drili ya volti 18 ya kampuni fulani, tafuta bunduki ya kampuni hiyohiyo inayoingia betri ulizonazo. Hapo hesabu inabadilika. Za gesi achana nazo. Vichupa vyake ni maalumu, vina tarehe ya kuisha, na kuvifuata Dar kila mara ni balaa la pili juu ya lile la misumari.

Mbao nazo zina maneno yake. Paina ya Mafinga inapokea msumari kama siagi. Mninga mkavu unapokea, ila ukikaribia ncha ya ubao unapasuka, sogea ndani angalau vidole viwili. Mkurungu ndio ulionifundisha adabu: F50 iliingia nusu, ikapinda ndani kwa ndani, ikatokea ubavuni. Kidole changu cha shahada kilikuwa umbali wa kama punje ya mahindi. Tangu siku hiyo mkono unaoshika ubao unakaa mbali kuliko urefu wa msumari uliomo, na kwenye mkurungu natoboa kwanza kwa drili.

Nikiwa hapo kwenye vidole. Marekani, ambako vyombo hivi vimejaa, wataalamu wa serikali walihesabu majeruhi wapatao 37,000 kwa mwaka waliofika hospitali kati ya 2001 na 2005, na karibu wanne katika kila kumi walikuwa watu wa nyumbani kama mimi na wewe. Kwenye bunduki kubwa kuna aina mbili za kifyatulio. Moja, ukikishika tu, kila mdomo ukigusa kitu inapiga, iwe ubao au goti. Nyingine inataka uguse ubao kwanza, kisha ubonyeze, kila msumari mara moja. Chukua ya pili hata kama muuzaji anakuambia ni ya pole. Vaa miwani. Msumari ukikwama, chomoa mpira kwanza ndipo uchungulie.

Na hili nalisema kwa sababu nimelisikia likipendekezwa kwa mdomo na mtu mzima: usithubutu kuiunganisha bunduki na mtungi wa oksijeni wa mchomea vyuma eti kwa sababu kompresa haipo. Oksijeni na oili ndani ya chombo kinachogonga italipuka mkononi mwako. Gesi ya kupikia vilevile.

Ile F50 fundi wangu huja kuiazima kila apatapo kazi ya siling, na kila mara hurudi na swali la kama naiuza. Hii siuzi. Ile kubwa ya chini ya kitanda, mwenye misumari ya karatasi ya digrii 34 aje tuongee.