Mdomo ulishonwa, mbona pua bado imelala?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Alizaliwa na mdomo wazi upande wa kushoto, akafanyiwa upasuaji akiwa na miezi 5. Alipona vizuri, lakini tundu la pua upande ule limelala na mdomo una kipengo. Jirani kaniletea mafuta ya kufuta kovu, na saluni moja wanasema pua itanyooka kwa sindano. Nifanyeje? – Mama J., Morogoro

JIBU: Mama J., huko saluni usimpeleke.

Kila wiki naulizwa hili, na karibu kila mzazi huanza na “daktari aliharibu”. Jamani! Mdomo wazi si ngozi iliyoachana tu. Gegedu la pua (ule mfupa laini) upande ule limepinda tangu tumboni, na mara nyingi chini yake ufizi wenyewe una pengo kwenye mfupa, kwa hiyo pua haina pa kuegemea. Upasuaji wa miezi 5 ulifunga mdomo. Lile pengo la mfupa, kama lipo, lilibaki lilivyokuwa, na uso umeendelea kukua juu yake.

Sasa mpeleke kwenye timu ya madaktari wa mdomo wazi apigwe picha ya meno. Kama pengo lipo, mfupa kidogo huchukuliwa nyongani na kupandikizwa kabla jino la chonge halijashuka, na umri wake ndio huu. Kipengo cha mdomo hurekebishwa. Pua yenyewe, ule upasuaji wa mwisho, kwa mvulana husubiri miaka 17 au 18, uso ukishakomaa.

Mafuta hayo yana lebo? Mengi ninayoletewa hayana. Nimempokea binti aliyepakwa miezi minne: ngozi juu ya kovu imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, vimishipa vyote nje. Ndivyo inavyofanya steroidi, dawa kali inayochanganywa kwenye baadhi ya mafuta kama hayo. Kovu bichi husuguliwa kwa kidole na vaselini, likishafunga. La miaka saba halifutwi na kikopo.

Sindano ndiyo inayonikosesha usingizi, maana siku hizi hata watu wazima wasio na kovu wanaikimbilia. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho. Dawa ya kujazia iliyomo kwenye sindano hiyo ikiingia humo, ngozi inaweza kufa, au mtu kupofuka palepale. Kwenye pua iliyowahi kupasuliwa hatari huzidi, kwa kuwa kovu limebadilisha njia za damu. Waulize hao wa saluni: dawa ikiziba mshipa, ya kuiyeyusha wanayo hapo mezani?