Zile dola za mfuko wa fidia si bima yako

Umepata leseni ya udalali wa nyumba jimbo la Florida, Marekani, hongera. Ukiangalia ada utakuta visenti vya pembeni: kisheria dola 3.50 kwa mwaka kwa dalali mkuu, 1.50 kwa dalali msaidizi, anayefanya kazi chini yake. Vinaingia kwenye mfuko wa kuwafidia wateja. Mara nyingine hutozwi kabisa, maana mfuko ukipita dola milioni 1 makusanyo husimama hadi ushuke chini ya 500,000.

Mimi nilipoanza nilijiambia, basi nikiteleza mfuko utanibeba. Nilijidanganya. Mfuko ni wa mteja, na hata yeye haupati kirahisi. Akushtaki kwanza, ashinde, mali yako itafutwe ikamatwe, na bado deni lisiishe. Hapo ndipo apeleke dai, na atalipwa hasara halisi tu, isiyozidi dola 50,000 kwa biashara moja. Kwa dalali mmoja, wateja wake wote kwa pamoja hawavuki 150,000. Sasa piga hesabu ikiwa dalali mmoja amekula arubuni, yaani pesa za awali za kushikilia nyumba, za watu watano.

Nawe? Siku mfuko unapolipa, leseni yako inasimamishwa hapo hapo, mpaka urudishe yote pamoja na riba.

Kinachotuponza ni arubuni. Ijumaa moja jioni mnunuzi alinipa hundi, nikaitia kwenye droo ya gari, nikaikumbuka Jumanne. Sheria inataka msaidizi amkabidhi dalali mkuu kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha, yaani Jumatatu. Bosi aliiangalia hundi, akaangalia tarehe, hakunigombeza. Alichukua simu akampigia mwanasheria. Tangu siku ile hundi hailali kwangu.

Mnunuzi na muuzaji wakigombea arubuni, usijifanye hakimu, hata kama unaona wazi nani ana haki. Mwambie dalali mkuu mapema: ana siku 15 za kazi kuitaarifu tume ya jimbo inayosimamia madalali, na anaweza kuiomba itoe amri pesa ziende kwa nani. Akiifuata amri hiyo, kisha akashtakiwa, akaijulisha tume na akashindwa mahakamani, mfuko unalipa na leseni yake haiguswi. Ni hapo tu nimeona mfuko ukisimama upande wa dalali.