Lenzi za kwenda nazo Machu Picchu

Mkuu, umeuliza ubebe lenzi zipi kwenda Machu Picchu, yale magofu ya Wainka huko Peru, kati ya 16-35, 24-70 na 70-200 (namba ni milimita: ikiwa ndogo picha inachukua eneo pana, ikiwa kubwa inavuta vya mbali). 70-200 iache Mwanza. Mji wa Cusco mtakakofikia uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi huku ziwani tuko 1,100 na ushee, kwa hiyo uzito wowote utausikia kifuani. 24-70 ikae kwenye kamera muda wote. 16-35 ni ya kuta na matuta ukiwa karibu, maana pale kwenye magofu huna nafasi ya kurudi nyuma. Kaijaribu Capri Point hapa Mwanza jioni, uone kama mawe, maji na mitumbwi vinaingia pamoja. Stendi ya miguu mitatu usihangaike nayo, hairuhusiwi bila kibali. Asubuhi huwa na ukungu: kitambaa kikavu cha kufutia kioo kiwe mfukoni, si ndani ya begi.