Barua kwa mwanangu: kuhusu kuta za Nkuhungu

Kongwa, Julai

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliupata siku nne zilizopita. Unaniambia kwamba chumba na sebule ulivyopanga Nkuhungu, mjini Dodoma, vina kuta zilizochakaa, kwamba baada ya kulipa kodi ya miezi 6 umebakiwa na shilingi 180,000, na unaniuliza kama ununue rangi au ununue zile karatasi za kubandika ukutani, ambazo jirani yako ameziweka na sebule yake ikapendeza. Ni swali jepesi. Mama yako ameniuliza mara mbili kwa nini sijakujibu, nami nimemwambia kwamba miwani inanisumbua.

Nianze na lile mlilolisikia tangu mkiwa wadogo, hadi mkawa mnalimalizia kabla sijafika mwisho: kisichofulika kisiingie ndani. Kifulike, kikung'utike, au kifutike kwa kitambaa chenye maji. Vinginevyo kibaki dukani. Sisi wa Dodoma hatuwezi kupamba nyumba kana kwamba vumbi ni mgeni. Tangu mwezi uliopita upepo umeanza, na hadi mvua za Desemba litaingia vumbi jekundu hata kwenye dirisha lililofungwa. Wewe mwenyewe ni shahidi: yale maua ya plastiki uliyokwenda nayo chuoni yaligeuka rangi ya tofali kabla muhula haujakwisha, ukawa unayaosha kwenye beseni kama vyombo.

Kwa kanuni hiyo, fedha yako inatosha kuliko unavyodhani. Doti moja ya kanga ni pazia la dirisha lako, na ukiitundika karibu na dari badala ya juu tu ya fremu, kisha ukaunga vipande viwili vifike sakafuni, chumba kifupi kitaonekana kirefu. Jumamosi unalishusha na kulifua. Kioo kikubwa, hata cha mtumba, kikitazamana na dirisha, kinaongeza mwanga bila kuongeza bili ya umeme. Mkeka wa ukili unakung'utwa nje asubuhi ukarudi ndani, ilhali kapeti la manyoya ambalo kila duka linakushawishi ulinunue hutunza vumbi la mwaka mzima kwa uaminifu mkubwa.

Na kabla ya yote, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, jua kwamba chokaa ya zamani inabanduka, na hapo si rangi wala karatasi itakayoshika mpaka ukuta usuguliwe kwa brashi ya waya, ufutwe, upakwe praima na ukauke vizuri. Mafundi wengi huruka hatua hiyo, kisha huilaumu rangi.

Lakini wewe hukuniuliza habari za mikeka. Umetaja karatasi za ukutani, na nilipolisoma neno hilo sikuiona sebule yako. Niliiona nyumba ile ya udongo nyuma ya mashine ya kusaga, ambayo wewe unaijua kwa simulizi za shangazi yako tu, na shangazi yako huisimulia kwa kunitetea.

Ilikuwa mwaka 1986. Mimi nilikuwa karani wa masjala, kaka yako mkubwa alikuwa na miaka 5, na madukani hapakuwa na kitu ila foleni. Rangi ya ukutani hatukuiwaza. Ila ofisini yalikuwa yakiletwa magazeti ya picha kutoka China na Urusi, ya karatasi nzito inayong'aa, ambayo wakubwa waliyafungua mara moja na kuyaacha. Niliyaleta nyumbani kwa ajili ya kufunikia madaftari. Mama yako aliyatazama kwa majuma mawili bila kusema neno. Kisha siku moja akapika uji mzito wa unga wa muhogo, akauacha upoe, akaanza kubandika.

Hakubandika ovyo. Alikata maandishi yote kwa wembe, akaacha picha tupu, akazipanga kwa rangi: za buluu kuzunguka dirisha, za kijani chini kuelekea sakafuni, nyekundu chache sana, moja moja, kama mtu anayetia chumvi. Mkono ule aliurithi, ingawa si kwa mama yake. Bibi yako, mama yangu, katika tembe lake alikuwa akizipaka kuta udongo mweupe kila mvua zilipokwisha, kisha akachora kwa vidole vyake kwa udongo mwekundu na majivu, na mama yako alipoolewa ndiye aliyekuwa akimshikia chungu cha udongo. Hakuna aliyewahi kumkwangulia bibi yako kuta zake. Hata wale waliochora juu ya miamba ya Kolo kule Kondoa hawakukopa kwenye kikoba ili wapate rangi, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro yao katika urithi wa dunia.

Kaka yako aliuita ukuta wa mashariki Ulaya. Kila asubuhi alimsalimia mzee mmoja aliyekuwa juu ya trekta, "Shikamoo," akasubiri kidogo, ndipo akaenda kunywa chai. Siku moja aliniuliza, mbele ya picha ya kijiji kilichofunikwa na theluji, kwa nini watu wale wamemwaga unga wote ule wakati mama anaupangia foleni. Nacheka hadi leo.

Kisha mkuu wangu wa kazi akasema Jumapili atapita kutusalimu. Jumamosi, mama yako alipokuwa amekwenda kuchota maji, nililowesha kuta zote nne kwa kitambaa, nikazikwangua kwa panga, nikapaka chokaa iliyotiwa chumvi ili ishike. Alipofika mlangoni na ndoo yake kichwani, ukuta wa mwisho ulikuwa bado mbichi. Aliitua ndoo, akatazama, akaniuliza kama nimekula. Hakusema jingine siku ile, wala hajasema hadi leo. Mkuu alikaa dakika 10, akanywa soda yake akitazama saa. Kaka yako aliniuliza mzee wa trekta amehamia wapi.

Utaniambia: lakini baba, kanuni yako ni hiyo hiyo, karatasi haifuliki. Na kweli nyuma ya kurasa mbili niliwakuta mchwa. Nimejitetea kwa mchwa hao kwa karibu miaka 40. Lakini kurasa mbili zingebanduliwa na mbili nyingine zikabandikwa. Unga ulikuwepo na magazeti yalikuwepo. Kilichonisukuma ni aibu, kwamba mkubwa angesema karani huyu anaishi ndani ya makaratasi ya ofisi. Na juma hili, katika kulitafakari swali lako, nimejaribu kukumbuka kama niliwahi kuisema kanuni yangu kabla ya Jumamosi ile. Sikumbuki hata mara moja. Hata hivyo vumbi ni vumbi, na kanuni ni nzuri. Sioni sababu ya kuiacha kwa kuwa tu ilizaliwa vibaya.

Tangu tuhamie nyumba hii ya matofali mama yako hutundika kalenda moja kwa mwaka, nyuma ya mlango. Vitambaa anavyofuma huwapa watu wa harusi.

Sasa unasubiri niseme: rangi au karatasi. Ulimi unaniwasha. Kama karani nitasema haya tu: mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, kwa maana karatasi ya gundi ikibanduliwa huondoka na rangi iliyo chini yake, nawe utadaiwa. Ukichagua karatasi, nunua ya kipande kimoja kwanza, ibandike nyuma ya kochi, uitazame kwa majuma mawili. Rangi ya mafuta, kwa upande wake, hufutika kwa kitambaa chenye maji, vumbi halishiki, na hata baada ya miaka mitatu... basi, nimenyamaza. Ukuta ni wako.

Leo asubuhi nilimuuliza mama yako, kana kwamba nimelikumbuka tu, ule uji wa muhogo aliupika vipi. Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua kichwa. Akasema unga mmoja kwa maji sita, na kwamba safari hii angetumia maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, kwa ajili ya mchwa. Baada ya muda mrefu akaniuliza ukuta wenyewe una urefu gani na dirisha liko upande upi. Sikujua la kumjibu. Upime, utuandikie.

Ni mimi baba yako.