Usiwachagulie Wenzako Kilele

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabora kaniandikia. Wapo kumi na kitu ofisini, wamechangishana, na mwezi wa nane wanataka kuja kwetu Kigoma kupanda "mlima mfupi, wote pamoja, kwenda na kurudi". Mwishoni akaongeza: "Dada, tupe ule mgumu kidogo tusionekane wazembe." Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana sentensi hiyo naijua vizuri. Iliwahi kunikalisha ufukweni mchana kutwa nikilinda mabegi.

Wakati huo nilikuwa bado nimeajiriwa. Kazini iliandaliwa safari ya Hifadhi ya Gombe, na mratibu alikuwa kijana wa mazoezi ya alfajiri, yule anayekuhesabia maandazi unapokunywa chai. Yeye ndiye aliyeamua kwamba wote tunapanda kilele, kile anachokiita kila mtu kilele cha Jane. Hakuuliza mtu. Tuliposhuka kwenye boti pale Kasekela alitupanga mstari, akatukagua mmoja mmoja, alipofika kwangu akasita. Mimi ni mtu wa mwili, sifichi. Akasema, "Wewe dada yangu baki na mizigo, tusije tukakubeba." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ungefanyaje?

Basi nikabaki. Nyani wa pale wamewazoea binadamu kuliko sisi tunavyowazoea wao. Mmoja alikuja akakaa hatua chache kutoka nilipo, akawa anaangalia zipu ya begi kama fundi anayepiga hesabu ya kazi, kisha ananiangalia mimi, kisha zipu tena. Nilikaa juu ya begi lile hadi miguu ikafa ganzi. Ndani mlikuwa na chapati za watu wengine.

Lakini kilichoniuma si nyani, wala si kicheko. Mchana nilimwona mzee mmoja mgeni, ana fimbo, anarudi kutoka msituni na mwongozaji wake, suruali imelowa magotini, uso unang'aa. Nikamuuliza mwongozaji wametoka wapi. "Maporomoko ya Kakombe, mama. Ni hapo tu." Hapo tu! Njia niliyoiweza ilikuwepo siku nzima, na hakuna aliyeona haja ya kunitajia. Wenzangu waliporudi, nusu yao kileleni hawakufika, na mmoja aliteremka sehemu kubwa ya mteremko kwa makalio. Picha zikabandikwa ubaoni ofisini. Mratibu yule tukikutana sokoni bado ananiita mama mizigo.

Ndiyo maana nikiulizwa mlima, nawauliza watu kwanza. Ninyi mnaosoma hapa najua mnataka kutoka, mnataka kuona, mnataka kurudi na la kusimulia. Sawa. Anzeni na aliye nyuma kabisa. Anaweza nini? Anataka kuona nini? Mkishapata hayo majibu, njia inajichagua yenyewe.

Gombe ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba hazizidi sitini, lakini imesimama wima. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima nyuma yake unafika kama mita 1,500. Mwinuko wote huo umebanwa kwenye kipande chembamba cha nchi, kwa hiyo tambarare pale ni ufukwe tu. Mabondeni kuna msitu mnene, kuna kivuli na maji. Ukipanda migongoni msitu unakatika, unabaki na nyasi, miti ya miombo na jua la utosi. Hili watu wa vilele hawakuambii. Na nyasi kavu juu ya changarawe zinateleza kama sabuni wakati wa kushuka. Kupanda kunamaliza pumzi, kushuka kunamaliza magoti. Pumzi inarudi ukikaa kidogo. Goti likigoma huko juu, huna pikipiki ya kukushusha.

Mwenye goti, mwenye presha, mwenye mwili kama wangu, na yule asiyetembea ila kutoka kwenye daladala hadi dukani: Kakombe. Unafuata bonde, unakwenda taratibu chini ya miti, unasikia maji kabla ya kuyaona. Unatoka jasho, ndiyo, lakini unafika. Mwenye kifua cha kweli na anayependa kuona ziwa lote chini yake na milima ya Kongo ng'ambo: kilele, aanze asubuhi jua halijawaka. Anayetaka ndege, wavuvi na picha za maji: ufukwe, hata viatu anaweza kuvua.

Anayetaka sokwe ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo makundi mengi hugombana. Sokwe hawana njia. Wanaweza kuwa karibu na kambi, wanaweza kuwa kwenye genge ambalo mbuzi angelikataa, na wewe unamfuata mwongozaji anapokwenda. Kwa hiyo usimwahidi mtu wa magoti sokwe na "matembezi mepesi" siku ileile. Ukiwapata, unakaa mbali nao mita 10 au zaidi, muda ni saa moja, na unavaa barakoa, kwa sababu mafua yetu yanawaua. Mwenye kikohozi asiende. Katika kundi lenu la ofisini atakuwepo wa kuficha kikohozi, nawajua. Mwambieni mapema.

Wale wa kilele hupenda kunitajia Jane Goodall, mtafiti wa sokwe ambaye kilele kile kina jina lake, kwamba alipofika Gombe Julai 1960 alikuwa akipanda kila siku na darubini yake. Kweli kabisa, na kwa subira hiyo ndipo Novemba mwaka ule akamwona sokwe anavua mchwa kwa kijiti, dunia ikashtuka. Lakini hakuja peke yake. Mama yake mzazi, Vanne, alikuja naye, akakaa chini kambini akiwatibu wavuvi kwa dawa alizokuwa nazo, na wavuvi wakawapenda kwa ajili hiyo. Hakuna aliyemwita mama mizigo.

Na kama kundi lenu halina haja ya kuona wanyama, panda barabara ya Manyovu mpaka Kalinzi, upande wa pili wa milima hiyohiyo ya Gombe. Ni nyanda za juu, kuna ubaridi, migomba na mashamba ya kahawa, na unatembea mlima kwa mlima kwenye njia za watu wanaokwenda shambani. Usijipitie tu kama kwako, tafuta mwenyeji wa kuwatembeza. Mimi binafsi hapa ndipo pananifaa kuliko kote, ila sina hadithi ya nyani wa huko.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kwenye ziwa hilihili, nitaisema kwa kifupi, maana kila mwaka kuna mtu anaichanganya na Gombe. Kilele chake, Nkungwe, ni mita 2,462. Unaanzia ufukweni, kwa hiyo hesabu mwenyewe, ni karibu mita 1,700 za kupanda, na mnalala mahema. Hiyo si safari ya mwisho wa wiki. Waje wenye mazoezi, wenye siku na wenye hela ya boti.

Juni hii nilikipeleka kikoba chetu Gombe, na naomba mniruhusu nijisifu. Kabla ya kuchanga nilimfuata kila mwanachama nyumbani kwake, si kwenye kikao, kwa sababu kikaoni hakuna mwanamke atakayesema mbele za watu kwamba goti linamuuma. Mweka hazina wetu, anayetukalia kooni kila Jumamosi, aliniambia nje ya mlango wa jiko lake, kwa sauti ya chini, kwamba anaogopa mteremko. Sikujua! Tukagawanyika makundi matatu, kila moja na mwongozaji wake. Gharama ilipanda kidogo, wakanung'unika kidogo, wakalipa. Mweka hazina alifika Kakombe, akavua kilemba, akasimama pale ambapo vumbi la maji linamfikia usoni, akagoma kuondoka. Wawili waliokwenda kileleni walifika wote wawili. Jioni kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia, na hakuna aliyelinda begi la mwenzake.

Nawaambia ninyi mnaoongoza wenzenu, iwe kwaya, ofisi au familia: mkisema "wote pamoja", mara nyingi mnamaanisha wote nyuma yangu. Aibu ya mtu huibebi wewe, anaibeba yeye, miaka na miaka. Uliza. Uliza tena faragha. Mtu akisema ufukwe, mpe ufukwe kwa heshima ileile unayompa wa kilele. Na wewe unayeambiwa baki na mizigo, uliza njia nyingine iko wapi. Usicheke nao kama nilivyocheka mimi.

Sasa nikujibu, ndugu yangu wa Tabora. Kwenda na kurudi siku moja kwa boti za abiria sahau. Zinaondoka mchana Kibirizi, bandari ya boti hapa Kigoma, zinapakia mpaka maji yanakaribia ukingo, zinafika Gombe jioni, na za kurudi mjini zinapita asubuhi. Kwa hiyo ama mlale, ama mkodi boti yenu na muondoke alfajiri. Kila mtu awe na boya la kuvaa, myahesabu wenyewe kabla ya kupanda, msikubali "yapo mengine huko mbele". Muwe mmeanza kurudi kabla upepo wa mchana haujakaza, ziwa hili likichafuka halina utani. Mwezi wa nane ni kiangazi, njia kavu, vumbi jingi, chupa mbili za maji kwa mtu si nyingi. Chakula acheni ndani palipofungwa, msiingie nacho msituni.

Mkifika Kigoma siku moja kabla, pandeni kwa miguu kutoka stesheni hadi Mwanga kwa mwendo wenu wa kawaida. Atakayesimama njiani zaidi ya mara moja, huyo ni wa Kakombe, msibishane naye. Na mwenye boti mpeni nusu ya hela. Nusu nyingine apewe mkishakanyaga Kibirizi.