Maswali ya Wasomaji: Mfumo wa Ofisi Unaogoma Kila Mwezi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa bohari katika ofisi moja mkoani Mtwara. Hati zote za kupokea na kutoa vifaa tunaziingiza katika mfumo uliotengenezwa miaka mingi iliyopita, ambao haufanyi kazi katika Chrome wala Firefox. Kijana wetu wa TEHAMA alitufundisha kuufungua ndani ya Edge, kivinjari cha sasa cha Microsoft, kwa kile anachokiita hali ya Internet Explorer, yaani kivinjari cha zamani cha kampuni hiyo hiyo, nasi tukashukuru. Tatizo ni kwamba kila baada ya takriban mwezi mmoja mfumo unagoma: ukurasa unakuja mweupe, au kitufe cha kuchapisha hati hakibonyezeki, hadi kijana yule aje tena, naye huondoka akisema kompyuta zimechoka. Wapo wenzangu wanaosema tumelogwa. Je, kompyuta zimechoka kweli? Na kwa nini mfumo huu umeng’ang’ania kivinjari kilichokwisha kuzikwa?
Karani wa bohari, Mtwara

JIBU: Kompyuta zenu hazijachoka, wala hakuna aliyewaloga. Anwani ya ukurasa inapoingizwa kwa mkono katika orodha ya Edge ili ifunguliwe kwa hali ya Internet Explorer, hupewa muhula wa siku 30 tu, na siku hizo zikiisha Edge huurudisha ukurasa ule katika njia yake ya kawaida bila kumwambia mtumiaji lolote. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe leo hii. Fungua mipangilio ya Edge, uende katika sehemu inayohusu kivinjari cha kawaida cha kompyuta, na hapo utaiona orodha ya kurasa zenu, kila moja ikiwa na tarehe yake ya kwisha. Ukiifuta anwani na kuiingiza upya, utakuwa umefanya kazi ile ile anayoifanya kijana wenu kila mwezi, na mtapata siku nyingine 30.

Hiyo, hata hivyo, ni tiba ya kupoza maumivu. Dawa yenyewe iko mikononi mwa msimamizi wa kompyuta za ofisi, ambaye anapaswa kuandaa faili moja yenye orodha ya mifumo yote ya zamani, kisha aziamuru kompyuta zote, kupitia sera za usimamizi wa Windows, ziisome orodha hiyo. Anwani zilizowekwa kwa njia hii hazifungwi na muhula wa siku 30. Ni kazi inayofanyika mara moja, na mwenye kuijua haimchukui hata siku nzima. Kwa hiyo nakushauri umpelekee kijana wenu ukurasa huu kwa upole, maana huenda hakuna aliyewahi kumfundisha.

Swali lako la pili linanigusa zaidi. Internet Explorer 6 ilipotoka mwaka 2001, mwaka ule ule wa Windows XP, Microsoft ilikuwa imekwisha kuwapiku washindani wake kiasi kwamba katika miaka michache iliyofuata zaidi ya asilimia 90 ya watu waliotumia intaneti walipitia kivinjari chake. Watengenezaji wa mifumo ya ofisi wakaona hakuna haja ya kujaribu kazi zao kwingineko. Wengi walitumia pia ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyouwezesha ukurasa wa intaneti kugusa moja kwa moja printa, skana na mafaili ya kompyuta, jambo ambalo vivinjari vingine havikuliruhusu. Nashuku kwamba kitufe chenu cha kuchapisha hati kimejengwa juu ya msingi huo. Microsoft yenyewe, ikiwa haina wa kuikimbiza, ilikaa miaka mitano bila kutoa toleo jipya, hadi Internet Explorer 7 ilipotoka mwaka 2006, na hatimaye tarehe 15 Juni 2022 ikakistaafisha kivinjari hicho katika Windows 10. Hali mnayoitumia ninyi imeahidiwa kuendelea angalau hadi mwaka 2029.

Kwa hiyo muda mnao, ila si wa kuuchezea. Lawama zangu, niseme wazi, siziweki zote kwa Microsoft. Ofisi nyingi hununua mfumo kwa mkataba usiowapa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, wala haki ya kuubadilisha, na aliyeuandika akishaondoka hubaki na jumba ambalo ufunguo wake ameondoka nao mjenzi. Uongozi wenu utakapoagiza mfumo mpya, muuombe udai msimbo, na udai pia mfumo ujaribiwe katika Firefox. Nasisitiza Firefox kwa sababu Edge yenyewe tangu Januari 2020, pamoja na Opera na Brave, zimejengwa juu ya Chromium, mradi unaoongozwa na Google ambao ndio msingi wa Chrome pia, na mtengenezaji atakayekuambia kwamba ameujaribu mfumo wake katika vivinjari hivyo vyote pamoja na Chrome atakuwa, kwa hakika, ameujaribu katika injini moja, yaani programu ile ile ya ndani inayosoma na kuonyesha kurasa.

SWALI: Kompyuta yangu imeniarifu kwamba Windows 10 imefikia mwisho, na haikubali Windows 11. Fundi anataka kuniuzia nyingine. Nikubali?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Usikimbilie, Mwalimu. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya usalama; kompyuta yenyewe itaendelea kuwaka. Windows 11 inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa kompyuta za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na ndiyo maana mashine nyingi zilizo nzima kabisa zinakataliwa. Mtu binafsi anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Ofisi hutozwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hiyo hujirudufu kila mwaka.

Kama kazi zako ni kuandaa mitihani, kusoma barua pepe na kutembelea tovuti, mwombe fundi akuwekee Linux Mint, mfumo endeshi wa kutumika badala ya Windows, ambao hauna ada na hauulizi habari za TPM. Nakili kwanza mafaili yako katika diski nyingine. Lakini kama shuleni kwenu kuna mfumo mkongwe kama ule wa ndugu yetu wa Mtwara, kompyuta moja iacheni na Windows, kwa kuwa hali ya Internet Explorer haipatikani kwenye Linux.