Hayo mabilioni ya kesi, nani kawaambia?

Mdogo wangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Eti shangazi anatangaza kuwa nimeishtaki serikali ya Marekani na karibu nalipwa mabilioni, basi nikutafutie nafasi kwenye kampuni, na nauli utauza kihamba cha baba, shamba letu la urithi. Ebu subiri.

Kampuni ni mimi na dada sita. Tunawaogesha wazee majumbani kwao, tunawalisha, tunawakumbusha dawa. Anayelipa ni Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, kupitia idara ya huduma za jamii ya jimbo. Unafanya kazi kwanza, hela unadai baadaye. Mwezi wa tatu ikaja barua: malipo yamesitishwa, kuna tuhuma za udanganyifu. Mzee yupi, siku gani? Kimya. Sheria ya shirikisho inawaruhusu kushikilia hela wakati wanachunguza. Na wezi wapo, tusidanganyane, wengine ni Waafrika wenzetu.

Wakili akasema twende mahakamani, Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanalikataza jimbo kumnyang'anya mtu mali bila utaratibu wa haki. Nikajiona nimeshinda. Akacheka. Kumbe mahakama ya shirikisho huwezi kulidai jimbo fidia, Marekebisho ya 11 yanalikinga. Unamshtaki mkuu wa idara, na unachoomba ni amri ya kusikilizwa. Tena mahakama nyingi zimeshasema hela inayochunguzwa bado si mali yako. Watoa huduma wa jimbo la Idaho walifika hadi Mahakama ya Juu kudai viwango bora vya malipo ya Medicaid, wakaangushwa mwaka 2015, majaji 5 kwa 4. Kwa hiyo mwambie shangazi: nikishinda, nitapewa nafasi ya kujieleza. Basi.

Wale dada nimewalipa kwa kadi ya mkopo mpaka ikagoma. Usiku nimerudi kubadilisha pampasi za wazee kwa bosi yuleyule niliyemuaga kwa maringo. Ndiyo maana hela ya dawa za mama haikufika mwezi wa tano. Si mwanamke, kama mlivyoamua huko.

Kihamba usiuze. Usithubutu! Soma uhudumu wa wagonjwa hukohuko, ukija uajiriwe, kampuni achana nayo. Ingawa ukiajiriwa tu utazeeka ukinyanyua wazazi wa watu, na wako hutawaona. Haya, ukifungua, basi andika kila saa siku hiyohiyo, mzee atie saini kabla hujavaa koti.

Mimi karatasi za Jumapili mbili nilizijaza Jumatatu, kwa kukumbuka. Kazi ilifanyika, haki ya Mungu, ila theluji ilikuwa imefika magotini na nilikuwa sijalala. Wakili namlipa niitiwe kujieleza, na siku nikiitwa hizo karatasi zitakuwa mezani.

Mama nitampigia kesho. Habari ya Jumapili shangazi asiisikie.